Swali Nililomwuliza Mama Dorka Mbele ya Mkwewe

Ninyi wauguzi vijana mnaoingia chumba cha kemo na viatu vyenu vyeupe visivyo na doa, ketini kidogo. Nimestaafu, nina muda, na mume wangu ameniambia waziwazi kwamba amechoka kusikia habari za dripu wakati anakula. Kwa hiyo nawaandikia ninyi.

Sitayapanga haya mwaka baada ya mwaka, maana kichwani mwangu hayako hivyo. Yamechanganyika kama vitu vya droo ya wauguzi, plasta na kalamu zisizoandika na funguo za kabati ambalo halipo tena. Chini kabisa yupo Mama Dorka wa Katito. Kila nikijaribu kuandika juu ya kitu kingine namkuta yeye, kwa hiyo mtanivumilia nikichelewa kumfikia.

Nianze na mishipa, kwa sababu hapo angalau mtanisifu. Mgonjwa aliyechomwa sana mishipa yake hukimbia. Msiikimbize. Jazeni glavu maji ya vuguvugu, muifunge, muiweke juu ya mkono wake, mumwulize habari za watoto. Ukimaliza kusikia ya kitinda mimba, mshipa umeshatokea wenyewe. Sikuzaliwa na ujuzi huu. Mwaka wangu wa kwanza nilimchoma mwuza nyama mmoja wa Kibuye mara nne, na ile ya nne akaniangalia kwa huruma.

"Sista," akasema, "mimi nachinja ng'ombe kila siku, lakini hata ng'ombe siwezi mfanyia hivi."

Chumba kizima kilicheka. Nilienda kulia stoo, na aliyenifuata huko alikuwa Sista Salma.

Salma alikuwa mtoto wa mji, Mwislamu, babu yake alikuja Kisumu na reli kutoka Pwani akaoa hapa. Kiswahili chake kilinyooka, chetu sisi kilikuwa kinapinda kila kona, na alitucheka bila kuficha. Lakini kazi alituonyesha kwa mikono. Kabla hajatundika dripu yoyote aliwatoa jamaa wa mgonjwa nje. "Jamaa zangu, nendeni mkanywe chai," alisema, na hakuna aliyebaki. Siku moja alimtoa chifu na kofia yake. Kisha alivuta pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza habari za choo, mkojo, usingizi na mambo ya chumbani. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo na foleni imefika mlangoni.

"Mtu hana tumbo mbele za watu," akanijibu. "Mbele za watu ana heshima tu."

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wa saratani ya umio na ya tumbo, na karibu wote walikuja wamechelewa. Sisi watu wa ziwa tuna tiba yetu ya mwiba wa samaki. Ukikwama kooni, unameza tonge la ugali bila kutafuna, unashuka nalo. Kwa hiyo chakula kikianza kukwama, mtu hafikirii saratani, anafikiria mwiba. Nilimjua mzee aliyemeza matonge miezi minne akitafuta mwiba wa ngege ambaye hakumbuki hata alimla lini. Kamera iliposhushwa hatimaye, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Kwa wagonjwa kama hao upasuaji haukuwa na maana tena. Tuliwapa kemo tukijua tunawatafutia miezi.

Halafu ikaja dawa mpya. Ninyi mmeikuta, kwenu ni ya kawaida. Sisi tulikusanyika kuangalia kichupa chake kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Daktari wetu, kijana mpole asiyependa maneno makubwa, alituita akatueleza. Kemo hupiga seli za saratani moja kwa moja. Hii haiipigi saratani. Saratani ina ujanja wa kuituliza kinga ya mwili isimwone adui, na dawa hii inauondoa ule ujanja ili kinga ipigane yenyewe. Ukizitoa zote mbili pamoja kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umesambaa, wapo wanaopata muda mrefu kuliko kwa kemo peke yake.

"Si wote," akasema, "na si kupona. Lakini ni muda. Ila mjue mmefungua mbwa wa boma. Atafukuza mwizi, na siku nyingine anaweza kumng'ata mwenye nyumba."

Akaeleza kung'atwa kwenyewe. Kinga ikiamka kupita kiasi hushambulia utumbo, mapafu, ini, tezi, na inaweza kuanza wiki au miezi baadaye, wakati kila mtu ametulia. Kuhara kwa kemo tulikuzoea, tulikutuliza kwa vidonge vya kufunga tumbo na maji ya chumvi na sukari. Kuhara kwa dawa hii ni jambo jingine. Daktari aambiwe siku hiyohiyo, dawa isimamishwe, na mara nyingi mgonjwa apewe steroidi za kuituliza kinga. Ukifunga tumbo tu, mgonjwa anaonekana nafuu huku utumbo unaendelea kuungua ndani.

Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikiandika vitu vya kununua sokoni. Nimeona kuhara kwa kila aina, nikasema moyoni, huyu kijana atanifundisha nini? Mazoea yana taabu, na mimi nilikuwa nimezoea hasa.

Sasa Mama Dorka. Alikuwa mfinyanzi, mmoja wa wale mama wa Nyakach wanaouza vyungu soko la Katito, mwenye viganja vigumu na mdomo mwepesi. Alipokuja kwetu hata chai ilikuwa inashuka kwa kusimama njiani. Uvimbe ulikuwa chini ya umio, na tayari kulikuwa na madoa kwenye ini. Kipande cha uvimbe kilipimwa, daktari akasema anafaa kupewa zote mbili. Wanawe wa kiume walikuwa Nairobi wakituma salamu. Binti yake alifundisha Mbita, akija likizo tu. Aliyemleta kila mara alikuwa mume wa huyo binti, Otieno, fundi wa friji mwenye kibanda Obunga na pikap kuukuu.

Ambao si Wajaluo niwaeleze. Mama mkwe kwetu ni maro, na baina ya mtu na maro wake kuna heshima ambayo haina mchezo. Hali naye kwa kujiachia, halali chini ya paa lake, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa kati yao. Msifikiri ni habari za zamani. Mimi na diploma zangu, mume wa binti yangu akija na nina kikohozi, natoka kwenda kukohoa kwenye migomba. Mama Dorka akiingia pikap ya Otieno aliweka kikapu chake kikubwa katikati yao, na kutoka Katito hadi Kisumu wote wawili waliongea na kioo cha mbele.

"Mi huendesha kama nabeba mayai, Sista," Otieno aliniambia.

Siku ya kwanza niliwaonya juu ya baridi, maana moja ya dawa zake za kemo hufanya kitu cha baridi kichome kama sindano. Asinywe maji baridi, asiguse chuma asubuhi, asifungue friji.

"Friji si shida," Otieno akasema. "Zote zenye ziko kwangu zimekufa."

Mama Dorka alijifunika mdomo na leso, mkwewe asimwone akicheka. Mabega ndiyo yaliyomsaliti.

Na dawa ikafanya kazi! Niliwahi kuona wagonjwa wakitulia, lakini huyu alifunguka. Mzunguko wa tatu wa dawa, alipoingia alinishika mkono kabla hata ya kuketi. "Nyathina," akaniita, mwanangu, "nimekula ugali na mboga ya osuga mpaka nikalamba vidole." Picha zilionyesha uvimbe umenywea, na ini limekuwa na madoa machache. Daktari, yule asiyependa maneno makubwa, alimpa mkono wa pongezi. Mama Dorka alianza kuongea habari za kuchimba udongo mvua zikiisha. Nilifurahi sana, na nilijiona nina sehemu yangu katika furaha hiyo.

Wakati huo Salma alikuwa ameshastaafu, nasi tulikuwa tumeendelea. Tulikuwa na viti vipya, na kando ya kila kiti cha mgonjwa kiti cha jamaa, jambo ambalo wageni walilisifu. Tulikuwa na fomu ya maswali ya kutia alama. Kuhara? Kutapika? Homa? Kukohoa? Na katikati ya mizunguko tulipiga simu kwa namba iliyo kwenye faili. Ya Mama Dorka ilikuwa namba ya Otieno, kwa sababu simu yake mwenyewe ilikuwa inazima ovyo.

Mzunguko uliofuata nilimwuliza maswali nikiwa natoa hewa kwenye mpira wa dripu. Otieno alikuwa amesimama kando, amemshikia kikapu.

"Mama, tumbo linakuendesha?"

Macho yake yakaenda kwenye viatu vya Otieno, yakarudi sakafuni.

"Niko salama," akasema.

Nikatia alama ya hapana. Nataka mlishike hili, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Niliyaona yale macho. Mimi ni Mjaluo, nimezaliwa Nyakach, nilijua yanasema nini kama ninavyojua jina langu. Pazia lilikuwa hatua tatu kutoka pale. Lakini ndoano zake mbili zilikuwa zimekatika, ukilivuta linakwama, na nilikuwa na watu sita wa kutundikia dripu. Nikasema nitamwuliza vizuri siku nyingine.

Baada ya siku kadhaa nikapiga simu. "Otieno, mama anaendesha?"

"Sasa hiyo, Sista, nitamuuliza aje? Wacha niulize kama yuko sawa."

Akanipigia baadaye. "Anasema yuko sawa kabisa."

Nikatia alama.

Siku ya mzunguko uliofuata, uliokuja kuwa wa mwisho kwake, Otieno alipokuwa bado anaegesha pikap, Mama Dorka aliniinamia. "Tumbo linanisumbua kidogo," akanong'ona. Nilifungua mdomo kumwuliza ni mara ngapi kwa siku, na Otieno akaingia na kikapu. Mama Dorka akajiweka sawa kitini, akamwuliza kama barabara ya kurudi haitakuwa na matope. Nami nikajisemea hii ni kemo, kemo ninaijua. Nikampa vidonge vya kufunga tumbo na pakiti za kuchanganya na maji. Daktari alikuwa chumba cha pili. Sikumwambia. Nikatundika kemo, nikatundika na ile dawa mpya juu ya utumbo uliokuwa unaungua.

Haikupita wiki mbili. Asubuhi moja Otieno alipiga simu yeye mwenyewe. Majirani walikuwa wamemkuta Mama Dorka ameanguka kando ya choo, na kulikuwa na damu.

"Nimembeba, Sista," akasema. "Mimi mwenyewe. Kwa mikono."

Alilisema kama mtu anayekiri kosa.

Wodini, nyuma ya pazia lililofungwa, mimi na daktari na yeye tu, Mama Dorka alihesabu. Alikuwa akienda mara saba, mara nane kwa siku, karibu mwezi mzima, kuanzia kabla ya ile siku niliyotia alama ya hapana. Siku moja kabla ya safari aliacha kula na kunywa kabisa, asije akahitaji kusimamisha pikap njiani. Siku zile tulizomwona amekonda kidogo na tukafikiri ni kemo, alikuwa amejinyima chakula ili asiaibike mbele ya mkwewe. Chakula kilekile ambacho tulikuwa tumemrudishia.

Steroidi zilimtoa kwenye hatari ile, ingawa zilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Lakini daktari alisema dawa ya kinga haitarudiwa tena kwake maisha, kwa jinsi utumbo ulivyoumia, na kwa kemo alikuwa hana nguvu. Uvimbe haukumsubiri apate nguvu. Koo likaanza kufunga tena, kwanza ugali, kisha uji, kisha chai.

Nilimfuata daktari kwenye korido. "Kama tungejua mapema?"

"Labda tungeisimamisha, tuutulize utumbo, halafu tuone kama tunaweza kurudi. Labda." Akavua miwani. "Sijui, Sista. Sitaki kukudanganya."

Nilimwuliza na Mama Dorka mwenyewe, siku moja alipokuwa macho. Kwa nini hukuniambia, Mama? Alitabasamu kama mtu anayemsikia mtoto akiuliza jua linatoka wapi.

"Nyathina, si wewe ni mtoto wa hapa hapa? Ulitaka niseme habari ya choo mbele ya mkwe wangu?"

Hakuwa na hasira. Angenigombeza ningelala vizuri zaidi miaka hii. Alifariki kabla mvua hazijaisha.

Mngetaka niishie hapo, muuguzi amekosea, amejifunza. Sivyo ilivyokuwa. Kwenye faili niliandika hivi: mgonjwa alikana kuhara. Kila neno ni kweli na sentensi nzima ni uongo. Kukawa na kikao cha kupata funzo, likapatikana funzo kwamba wagonjwa wetu huficha dalili, wahimizwe kusema ukweli. Wote walitikisa kichwa kukubali, na mimi nikatikisa. Likatengenezwa bango la kumwambia mgonjwa amweleze muuguzi wake kila kitu, likabandikwa ukutani, juu ya vile viti vya jamaa. Miaka yangu ya mwisho kazini niliwafundisha wakubwa wenu hivyo hivyo. Wagonjwa wa huku wanaficha, niliwaambia. Walinukuu madaftarini.

Na huko Nyakach, siku ya mazishi, Otieno alikuwa amesimama mbali na familia kama wakwe wanavyosimama. Aliniona, akaja.

"Sista, ni mimi nilikuwa nakuambia yuko sawa."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na pumzi. Badala yake nikamwambia, "Ni mapenzi ya Mungu, Baba," nikaingia gari la hospitali. Nilimsingizia Mungu, na Otieno nikamwachia mzigo wangu aubebe.

Kwa hiyo, ninyi wenye viatu vyeupe. Mgonjwa aliye kwenye dawa hizi mbili msimwulize kama anahara. Mwulizeni zamani alikuwa anaenda mara ngapi, na sasa mara ngapi, na kama usiku anaamka, na kama kuna damu au utelezi. Ikizidi, msitoe kidonge wala msitundike chochote kabla daktari hajajua, hata kama mna hakika ni kemo. Hasa kama mna hakika. Namba ya simu itafutwe ya jirani wa kike, ya mke mwenza, ya mama wa kanisani, mtu ambaye mgonjwa anaweza kumwambia. Na muulizapo, mwe wawili tu. Pazia likikosa ndoano, fungeni kwa bandeji.

Nilipostaafu nilikaa miezi kadhaa nikijiambia Otieno ameshasahau. Kisha nikaenda Obunga. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, nywele zimeanza mvi. Alinifutia kiti kwa mkono wake, akataka kuagiza soda, nikamwambia aketi. Nikamweleza yote. Macho niliyoyaona, pazia, kile alichoninong'oneza Mama Dorka yeye akiwa anaegesha gari, vidonge, nilichoandika kwenye faili.

Alikaa akizungusha bisibisi mkononi. Mteja alikuja akauliza friji yake, akamwambia arudi kesho.

"Bibi yangu aliniuliza," akasema mwishowe. "Juu ya hiyo maneno. Eti mimi nilikuwa na mamake kila safari, kwa nini sikuuliza. Mpaka leo akiniangalia sana najua anafikiria hiyo."

"Nitaenda kumwambia na yeye," nikasema.

"Hiyo siku ulimuuliza mara ya kwanza, si mimi nilikuwa nimesimama tu hapo?"

"Ndiyo."

"Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeshika tu kikapu."

"Ndiyo, Otieno."

Akaniangalia, na hakukuwa na ukali usoni mwake, alikuwa anashangaa tu, kama fundi aliyefungua mashine kubwa akakuta waya mmoja umechomoka.

"Ungeniambia nitoke nje, Sista," akasema. "Ningetoka."